Mapigo Yasiyo na Mpangilio: Daftari la Safari ya Salamabila

Dar es Salaam, mtu akilalamika kwamba moyo wake unakwenda ovyo hulazwa kitandani, hubandikwa waya kumi kifuani na kwenye viungo, na kabla hajamaliza kujieleza karatasi imeshatoka. Salamabila, mtu huyohuyo hushikwa mkono. Riziki yangu inatoka kwenye ile karatasi, maana kazi yangu ni kupima umeme wa moyo. Nilipopata nafasi ya kwenda huko, kusini mwa mkoa wa Maniema nchini Kongo, nilichukua daftari ili nilinganishe. Mapigo yanayovurugika kutokea chemba ya juu ya kushoto ya moyo hutambuliwaje huko, hutambuliwaje Kasongo, Uganda, na kwetu pwani? Niliyoandika nimeyapanga kwa mahali.

Njiani

Reli ya kati hadi Kigoma, ziwa hadi Kalemie, kisha Kongolo na Kasongo. Kipande cha mwisho ni pikipiki iliyobeba dereva, mimi, madumu mawili ya mafuta na kuku mmoja asiyeridhika na safari. Ukishavuka Ziwa Tanganyika na kuingia bara unarudisha saa nyuma kwa saa moja. Kiswahili kinakupokea vizuri, ila inabidi uzoee kwamba daktari na muuguzi wote ni "docta", kadi ya mgonjwa ni "fishi", na kamba iliyofungwa barabarani na wenye bunduki ni "bariyeri", ambayo haipitwi bila maongezi.

Nchi hii imewahi kulaza wasafiri. David Livingstone alikwama Kabambare tangu mwaka 1870 hadi mwanzoni mwa 1871 kwa vidonda vya miguu vilivyokataa kupona. Tippu Tip, mfanyabiashara wa watumwa na pembe mzaliwa wa Zanzibar, alifanya Kasongo kuwa makao yake, na Aprili 1893 majeshi ya Mfalme Leopold yaliuteka mji. Enzi ya wafanyabiashara wa pwani ikaisha, Kiswahili, mchele na misikiti vikabaki.

Salamabila, ambayo makaratasi ya wizara ya afya huiandika Saramabila, ni mji wa dhahabu. Mgodi wa Namoya uko jirani, takriban kilomita 225 kusini-magharibi mwa Bukavu. Kampuni ya Banro ya Kanada ilianza kuzalisha dhahabu kibiashara hapo mwaka 2016, na mwaka 2019 ikasimamisha kazi baada ya mashambulizi ya watu wenye silaha. Wachimbaji wadogo waliendelea kuchimba, na vita vya wanamgambo wa Mai-Mai vimewahamisha watu mara nyingi. Madaktari Wasio na Mipaka wamefanya kazi hapa, hasa kwa wagonjwa wa malaria na waathirika wa ubakaji. Mahali penye malaria, risasi na uzazi wenye shida kwa siku moja, moyo hupangwa mwisho wa foleni. Hilo ni la kwanza nililoliandika chini ya jina Salamabila, kabla sijaandika lolote juu ya vifaa.

Salamabila: kidole cha dakika nzima

IT, kama Wakongo wanavyomwita muuguzi mkuu wa kituo cha afya, alikuwa na stetoskopu, kipima shinikizo, saa ya mkononi yenye mshale wa sekunde, na benchi lililojaa watoto wenye homa. Katikati ya benchi alikaa mama muuza mawese, miaka thelathini na kitu.

"Docta, nikipanda kilima pumzi inakata," alisema. "Usiku moyo unanikimbia. Nalala nimekaa."

"Pole, mama. Nipe mkono. Tusisemezane kwanza."

Hakuhesabu sekunde kumi na tano akazidisha kwa nne, kama wengi wetu wa mjini tunavyofanya tukiwa na haraka. Alihesabu dakika kamili. Mapigo yakiwa yamevurugika, robo ya dakika hudanganya: robo moja huwa na mapigo mengi, inayofuata machache. Muuguzi mwenzake aliweka stetoskopu chini ya titi la kushoto, naye akahesabu kwa saa ileile. Walipomaliza wakatajiana: kifuani 126, mkononi 92. Tofauti ya 34 ikaandikwa kwenye fishi na kupigiwa mstari.

Pigo likija mapema mno, chumba cha chini cha moyo kinakuwa hakijajaa damu. Kinabana hata hivyo, stetoskopu inasikia mshindo, lakini damu iliyosukumwa ni haba na wimbi lake halifiki kwenye kifundo cha mkono. Hivyo upungufu wa mapigo mkononi unaeleza mambo mawili kwa pamoja: kwamba mpangilio umevurugika, na kwamba mapigo mengi yanapigwa bure.

Nikaomba ruhusa nami nikaushika mkono ule. Wanawake wawili wanaotwanga sombe, yaani kisamvu, katika kinu kimoja hupokezana, na hata ukiwa nyuma ya nyumba unajua mchi ujao utatua lini. Mtoto akipewa mchi, ukisubiri mshindo hauji, ukiacha kusubiri inakuja miwili. Ndivyo mkono wa mama yule ulivyokuwa. Haikuwa pigo moja linaloruka mara kwa mara, wala mbio zenye mpangilio. Hapakuwa na kanuni kabisa.

Moyo wenye afya una chanzo kimoja cha umeme, kilicho juu kwenye chemba ya kulia. Kutoka hapo mkondo husambaa kwenye chemba zote mbili za juu, hupita lango moja katikati, kisha huingia vyumba vya chini. Chemba ya kushoto ikitanuka au ikijaa makovu, mkondo hupoteza njia. Hugawanyika, hujizungusha, hukutana wenyewe kwa wenyewe, na chemba badala ya kubana inatetemeka kwa kasi ya mara 350 hadi 600 kwa dakika. Lango la katikati huchuja vurugu hiyo na kupitisha mapigo machache bila utaratibu. Yanayopita ndiyo kidole kinayoyapata.

Baada ya kuhesabu, IT aliuliza maswali matatu, na niliyaandika kwa mpangilio wake. La kwanza: utotoni aliwahi kuumwa viungo, leo goti, kesho kiwiko? "Ndiyo, docta. Babu alinichanja, ikaisha." La pili: koo lilikuwa likimuuma mara kwa mara? Hakukumbuka. La tatu hakuliuliza kwa mdomo. Alimwambia anyooshe vidole aone kama vinatetemeka, kisha akampapasa shingo.

Maswali hayo yana sababu. Viungo na koo vinatafuta homa ya baridi yabisi. Mtoto hupata maambukizi ya koo ya bakteria wa streptokoka, na wiki mbili au tatu baadaye kinga ya mwili inashambulia viungo na vali za moyo. Viungo hupona. Vali ya mitrali, iliyo kati ya chemba ya juu ya kushoto na chumba cha chini, hubaki na kovu, na mwaka hadi mwaka mlango wake huwa mwembamba. Damu hurundikana nyuma yake, chemba hutanuka, kisha huanza kutetemeka. Shingo nayo inatafuta tezi iliyozidisha kazi, kwa sababu homoni yake ikizidi huweza kuvuruga mapigo hata kama vali ni nzima. Jirani, Kivu, jambo hili liliwahi kutokea kwa njia isiyotarajiwa. Chumvi yenye madini joto ilipoingia kwa watu waliokuwa na goita za siku nyingi, baadhi yao walipata tezi iliyokimbia, na taarifa hiyo ilichapishwa katika jarida la Lancet mwaka 1996. Shingo ya mama yule ilikuwa laini na vidole vyake vilitulia.

Mwisho IT alimlaza kwa ubavu wa kushoto, akaweka kengele ya stetoskopu pale moyo unapogonga, akafumba macho. Alinipa nami nisikilize. Mshindo wa kwanza ulikuwa mkavu na wa nguvu, kisha baada ya mshindo wa pili ukafuata mngurumo wa chini, mzito, kama haupo. Huo ndio mlio wa mitrali iliyobana. Katika kituo kisicho na umeme wa gridi, watu wawili, saa moja na stetoskopu moja walikuwa wamefika hapa: vali imebana, chemba ya kushoto inatetemeka, damu inaweza kuganda.

Mahali kidole kinapodanganywa

Kidole kina mipaka yake, nayo niliiandika bila kukipendelea.

Kuna watu wenye mapigo ya ziada yanayotangulia na kufuatwa na kimya kifupi. Yakiwa mengi, mkono husikika umevurugika vilevile. Dawa ya shaka hiyo haihitaji mashine: mtembeze mgonjwa anayeweza kutembea, kisha mshike tena. Mara nyingi mapigo ya ziada hupungua moyo unapokwenda kasi, ilhali vurugu ya chemba inayotetemeka hubaki au huzidi.

Kuna pia mtetemo wa kasi kubwa mno. Mapengo yakifupika sana, kidole hakitofautishi fupi na fupi zaidi, na mkono unaonekana sawa.

Mtego mbaya zaidi ni mzunguko mmoja wa umeme unaokimbia ndani ya chemba ya juu kama mara 300 kwa dakika, na lango likapitisha mmoja katika kila miwili. Hapo mkono unapiga 150, sawa kabisa, bila kuruka hata pigo moja. Mgonjwa anaandikiwa homa, upungufu wa damu au hofu. Mapigo 150 yasiyoshuka mtu akiwa amelala ametulia, asubuhi na jioni, si hofu, na ni karatasi pekee itakayosema ni nini.

Karatasi

Nilikuwa na mashine ndogo ya ECG, yaani ya kuchora umeme wa moyo, inayotumia betri. Karatasi yake hukimbia milimita 25 kwa sekunde, hivyo kila kijisanduku kidogo ni sehemu ya 4 kati ya 100 za sekunde. Kwa mapigo yaliyovurugika hakuna haja ya hesabu za ajabu: chukua sentimita 25 za karatasi, ambazo ni sekunde 10, hesabu vilele, zidisha kwa 6.

Karatasi ya mama yule niliiweka mezani na IT akainama nami. Kati ya kilele na kilele tulihesabu vijisanduku: 9, 14, 11, 17, 10. Hakuna mapengo mawili yaliyofanana. Kabla ya kila kilele tulitafuta kile kinundu kidogo ambacho chemba za juu zenye afya huacha zinapobana. Hakikuwapo. Badala yake mstari ulitikisika ovyo, mawimbi madogo yasiyofanana. Sifa hizo mbili, kutokuwepo kwa kinundu na mapengo yasiyo na kanuni, zinatosha kulipa jina tatizo hili mahali popote duniani. IT akasema, "Kwa hiyo hii ni picha ya kile nilichokishika." Ndiyo, na tofauti yake ni kwamba picha inaweza kutumwa.

Kutuma huko si jambo jipya. Willem Einthoven wa Leiden, Uholanzi, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1924 kwa kazi ya ECG, alikuwa na mashine nzito ya kujaza chumba, na wagonjwa wakitumbukiza mikono na mguu kwenye ndoo za maji ya chumvi. Mashine haikuhamishika na hospitali ilikuwa mbali nayo kilomita moja na nusu. Akaunganisha hospitali na maabara kwa waya wa simu, na mwaka 1906 akachapisha michoro aliyoipata kwa njia hiyo, ikiwemo ya mapigo yaliyovurugika. Tatizo lake lilikuwa lilelile la Salamabila: mgonjwa yuko hapa, msomaji yuko kule. Leo picha ya karatasi hupigwa kwa simu na kutumwa kwa WhatsApp mtandao unapokubali.

Hata kabla ya Einthoven, tatizo hili lilikuwa limeshafuatiliwa na daktari wa mji mdogo. James Mackenzie alitibu wafanyakazi wa viwanda vya pamba huko Burnley, Uingereza. Alimfuatilia mgonjwa mmoja mwenye mitrali iliyobana kwa miaka mingi, na mwaka 1898 akagundua kwamba sehemu ya mlio iliyotangulia pigo imetoweka, na kwenye mshipa wa shingo wimbi la chemba ya juu limetoweka pia, siku mapigo yalipovurugika. Aliligundua kwa sababu alikuwa na kumbukumbu za mgonjwa yuleyule za kabla ya hapo. Chombo chake cha kuchorea mapigo kilikuwa msaidizi tu wa kumbukumbu hizo.

Kasongo: muuguzi na njia iliyoandikwa

Kutoka Salamabila nilirudi Kasongo, na hapa ndipo daftari lilipobadilika uzito. Kasongo ni jina linalojulikana na wanafunzi wa afya ya jamii mbali kabisa na Maniema. Kuanzia mwaka 1971, madaktari wa Kongo na wenzao wa Taasisi ya Tiba ya Tropiki ya Antwerp walijenga hapa mfumo wa vituo vidogo vinavyoongozwa na wauguzi, kila kituo kikihudumia watu wake wanaojulikana, na hospitali moja nyuma yao. Mfumo huo ulichangia kuzaliwa kwa kanda za afya zinazotumika Kongo nzima hadi leo.

Muuguzi wa Kasongo hakuachwa abahatishe. Aliandikiwa njia: dalili hii ikiwepo, uliza hili; jibu likiwa ndiyo, fanya hili; likiwa hapana, mpeleke hospitali. Mgonjwa wa ugonjwa mrefu alikuwa na fishi inayobaki kituoni, ili asipotokea siku yake ajulikane. Wakati huo lilikuwa jambo la ubishi. Wapo waliosema uchunguzi ni kazi ya daktari, na Kasongo ikajibu kwa kuchapisha matokeo yake.

Matokeo mojawapo yalileta ubishi wa miaka mingi. Mwaka 1981 kikundi cha Kasongo kiliandika katika Lancet juu ya watoto wa miezi 7 hadi 35 waliochanjwa surua. Waliona kwamba chanjo ilipunguza vifo, lakini faida ilionekana kupungua kadiri watoto walivyokua, kana kwamba baadhi ya waliookolewa na surua walikuja kuchukuliwa na magonjwa mengine. Watafiti wa baadaye wamelipinga hitimisho hilo kwa nguvu. Onyo lililokuwa ndani yake bado lina maana kwangu: usilete kifaa kimoja chenye jina ukadhani umeleta huduma.

Niliwaza juu ya IT wa Salamabila na maswali yake matatu kwa mpangilio. Viungo, koo, shingo. Hakuna aliyeniambia mpangilio ule umetoka kwenye karatasi gani, ila mtu anayefanya kazi hivyo anafanya kazi kwa njia, si kwa bahati.

Gulu na Kampala: eko mkononi mwa muuguzi

Uganda nimepita kwa safari nyingine, na malinganisho yanaihitaji, kwa sababu pale ndipo hatua inayofuata karatasi, ile inayokosekana Salamabila, imejaribiwa kwa upana.

ECG inasema chemba inatetemeka. Haisemi vali imebana kiasi gani. Hilo husemwa na eko, yaani ultrasaundi ya moyo. Chemba ya juu ya kushoto ya mtu mzima huwa na upana usiozidi kama sentimita 4. Mlango wa mitrali wenye afya hufunguka sentimita mraba 4 hadi 6, na ukifika 1.5 au chini ya hapo umebana sana. Ukiwa na namba hizo mbili unajua kama mgonjwa anahitaji vidonge tu au mtu wa kuupanua mlango.

Gulu, kaskazini mwa Uganda, wauguzi walifundishwa kushika eko ndogo za mkononi na kuchunguza watoto wa shule. Jaribio la tiba lililotokana na kazi ya huko, likachapishwa katika jarida la New England mwaka 2022, lilianza kwa kupima zaidi ya watoto 100,000. Waliokutwa na dalili za awali za vali kuharibika, 818, waligawanywa: wengine wakapata sindano ya penisilini ya benzathini kila wiki nne, wengine wakafuatiliwa bila sindano. Baada ya miaka miwili, hali ilizidi kwa asilimia 0.8 ya waliochomwa, na asilimia 8.2 ya wasiochomwa. Wanaohitaji upasuaji hupelekwa Kampala, kwenye Taasisi ya Moyo ya Uganda iliyo Mulago, iliyoanzishwa mwaka 1988.

Gulu nayo ni eneo lililotoka vitani. Walioniambia kwamba eko haiwezi kufanya kazi mahali ambapo vita viliwapeleka watu makambini, nawajibu kwa Gulu.

Dar es Salaam: ramani

Nyumbani tunayo Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa mwaka 2015 Muhimbili. Wafanyakazi wake na wagonjwa wake wanasema "mfumo wa umeme wa moyo" kama watu wanavyosema bomba la maji, jambo ambalo miaka ishirini iliyopita lingehitaji maelezo. Taasisi inao mtambo wa kuchora ramani ya umeme wa moyo kwa pande tatu.

Mtambo huo hujibu swali ambalo karatasi haiwezi: mkondo unaanzia wapi, na unazungukia wapi? Waya mwembamba huingizwa kwenye mshipa wa kinena, hupandishwa hadi chemba ya kulia, hutobolewa kitundu kwenye ukuta wa katikati, ukaingia kushoto. Humo hugusa ukuta pointi kwa pointi, mamia au maelfu, na kila pointi huandikwa umeme umefika saa ngapi na kwa nguvu kiasi gani. Kompyuta hupaka rangi. Palipo na kovu umeme ni dhaifu. Pale ambapo rangi ya "mapema kabisa" inagusana na ya "mwisho kabisa", mara nyingi mduara umejifunga hapo, na daktari huunguza kipande kidogo ili kuukata.

Msingi wa tiba hiyo ulitoka Bordeaux, Ufaransa. Mwaka 1998 Michel Haïssaguerre na wenzake waliripoti wagonjwa 45 ambao mtetemo wao ulianzishwa na cheche kutoka sehemu 69, na 65 kati ya hizo zilikuwa ndani ya mishipa inayoleta damu kutoka mapafuni hadi chemba ya kushoto. Tangu hapo madaktari wamekuwa wakiizingira mishipa hiyo kwa kovu la makusudi. Duru ngumu zaidi, zile zinazotokea kwenye chemba iliyofanyiwa upasuaji au iliyojaa makovu, ndizo zinazohitaji ramani kuliko zote, kwa sababu sura yake kwenye ECG huweza kuelekeza upande usio wake.

Wengi wa wagonjwa wa Bordeaux walikuwa na vali nzima. Chemba ya mama muuza mawese imesukumwa na vali iliyobana kwa miaka ishirini au zaidi, kovu limesambaa, na kuunguza kuzunguka mishipa minne hakuondoi mlango uliobana mbele yake. Kumpeleka moja kwa moja kwenye ramani ni kuruka swali ambalo eko inapaswa kulijibu kwanza. Kwake ECG imeshapigwa; sasa inatakiwa eko, kisha mtu wa kuupanua mlango. Ramani, kama itahitajika, ni ya mwisho.

Damu, vidonge na sombe

Kinachomtisha mgonjwa ni moyo kukimbia. Kinachomuua au kumpoozesha mara nyingi ni bonge la damu. Chemba isiyobana ina kijifuko pembeni chenye umbo la sikio, na humo damu hutuama ikaganda. Bonge likichomoka hupanda kichwani, na asubuhi mtu anaamka upande mmoja haumtii. Salamabila, kama Dar, kiharusi cha ghafla cha mtu wa miaka thelathini huweza kupewa majina mengine na kupelekwa kwa waganga wengine. Kumshika mkono dakika nzima kungeweza kueleza mengi.

Kwa mitrali iliyobana na chemba inayotetemeka, hakuna haja ya kujumlisha pointi za hatari: dawa ya kuzuia damu kuganda inatakiwa. Jaribio la INVICTUS, lililochapishwa mwaka 2022 kutoka nchi 24 za Afrika, Asia na Amerika ya Kilatini, lililinganisha kidonge kipya kisichohitaji kupimwa damu na dawa kongwe za aina ya wafarini, kwa wagonjwa 4,531. Wengi walitarajia kipya kishinde. Kongwe ilishinda, vifo vikawa vichache, wala kuvuja damu hakukuzidi.

Habari hiyo ni nzuri kwa mfuko na ngumu kwa Salamabila. Wafarini ni ya bei nafuu, lakini damu lazima ipimwe mara kwa mara, namba ikae kati ya 2 na 3. Ikipungua damu huganda, ikizidi mtu huvuja. Na majani mabichi ya kijani yana vitamini inayopambana nayo. Dar tunamwambia mgonjwa apunguze mchicha. Maniema, ambako sombe ni mboga ya karibu kila siku, kumwambia mtu aache sombe ni kumwambia ale wali mkavu. Ushauri sahihi ni tofauti: ale kiasi kilekile kila wiki, na dozi ipangwe kufuata sombe yake, si sombe ifuate dozi.

IT alimpa dawa za kupunguza kasi na za kutoa maji mwilini, akamwandikia rufaa, na kumwambia arudi siku ya soko linalofuata apimwe tena, kidole na stetoskopu. "Usikose, mama." "Sitakosa, mwanangu, kama barabara ni salama."

Hesabu ya mwisho

Nikipanga kurasa zangu kwa mstari, kila mahali pamebeba swali moja. Kidole kinauliza: mapigo yana kanuni? Karatasi inauliza: ni vurugu ya aina gani? Eko inauliza: kwa nini? Ramani inauliza: wapi hasa? Salamabila inalijibu la kwanza vizuri kuliko hospitali nyingi nilizopita mjini. La nne linajibika Dar, na wanaolihitaji ni wachache. Yaliyo tupu ni ya pili na ya tatu, nayo ndiyo ya bei ya chini kuliko ramani na yenye wagonjwa wengi kuliko yote.

Nikiulizwa nini kipakiwe kwenye pikipiki ijayo ya Salamabila, mpangilio wangu ni huu: kwanza penisilini ya benzathini, ili watoto wa leo wasifike kwenye hali ya mama yule. Pili, mashine ya ECG ya betri na mtu wa mbali aliyekubali kusoma picha zake. Tatu, kipimo kidogo cha kuganda kwa damu, kile cha tone la kidole, ndipo wafarini, kamwe si wafarini kabla ya kipimo. Nne, eko ya mkononi pamoja na miezi ya mafunzo, kama Gulu.

Kuna kimoja kisichohitaji pikipiki. Rejista ya kituo ina safu za umri, joto, uzito na shinikizo. Iongezwe safu moja kwa watu wazima: mapigo kwa dakika kamili, sawa au si sawa. Safu hiyo ikijazwa mwaka mmoja, daktari mkuu wa kanda ya Saramabila atajua ana wagonjwa wangapi wa aina hii na wanatoka vijiji gani, na ombi lake la vifaa litakwenda Kindu, makao makuu ya mkoa, na Kinshasa likiwa na namba.